Ulimi wa Nakwang

Mama yangu ana kovu la meno kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Meno ni ya Apua, mke mdogo wa baba. Ukilitazama vizuri utaona upande mmoja una pengo katikati, maana sisi hung'oa meno mawili ya chini, na hata anayeng'ata kwa hasira hung'ata na pengo lake. Waligombania ngozi ya mbuzi, mwaka ambao mimi nilikuwa bado mgongoni. Mama alikuwa na fimbo, Apua hakuwa na kitu, basi akatumia alichokuwa nacho.

Kidonda kilioza. Mama aliugua homa, mkono ukavimba mpaka bangili ya shaba ikabidi ikatwe, na majani ya kila aina yakapondwa na kupakwa bila faida. Alipochoka alilala kivulini akaunyoosha mkono, na mbwa akaja akaulamba. Akamwachia. Mbwa alilamba siku ile, kesho yake na kesho kutwa, na kabla mwezi mwingine haujaandama kidonda kilikuwa kimefunga. Tangu hapo nyumbani kwetu suala hilo lilikwisha. Mdomo wa mtu ni mchafu, mdomo wa mbwa ni msafi, na aliyebisha alionyeshwa mkono wa mama.

Aliyependa zaidi kuuonyesha ni Apua mwenyewe. Angemshika mama mkono na kuunyanyua mbele ya wageni, huku mama akilalamika kwamba anaumizwa mara ya pili.

"Haya ni meno yangu," angesema. "Mimi nilitia sumu, mbwa wangu akaitoa. Sasa niambieni, kati yangu na mbwa, nani mwenye mdomo mzuri?"

"Mbwa," mama angejibu. "Na hata maneno, afadhali ya mbwa."

Kufikia wakati nilipopata akili walikuwa hawaachani tena. Walitafuna tumbaku ya kifuko kimoja na kuwasengenya wanawake wengine wote wa ukingo ule wa mto. Baba alipokufa waliliana wao kwa wao, na sisi watoto tukakaa pembeni.

Apua alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni nyumba. Hakuna aliyesuka matawi ya mkoma yakazuia upepo kama yeye. La pili ni mbwa. Mwanamke akikaribia kujifungua alimjia Apua kuomba mbwa mlezi, na Apua hakumpa mtu mbwa hivihivi. Alikuwa akipaka mafuta kwenye kifundo cha mkono wake na kuwaita watoto wa mbwa mmoja mmoja. Aliyelamba kwa pupa akagusa na jino alifukuzwa akakae na mbuzi. Aliyelamba taratibu mpaka ngozi ikakauka, huyo ndiye aliyekwenda kulea. Kazi yake ilikuwa kulala karibu na mtoto, na mtoto akijichafua au akitapika, mama alipiga ulimi mara mbili na mbwa akaja kumlamba mpaka akatakata. Nimelelewa hivyo. Wote tumelelewa hivyo. Maji yako chini ya mchanga, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, na ukiyapata ni ya kunywa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, na kwa kuwa darasa lenyewe tulikuwa sita, nikachaguliwa kuwa mhudumu wa afya. Nilipewa mkoba, baiskeli, na kitabu cha picha. Kila baada ya miezi mitatu daktari alikuja na gari lenye mashine ya kutazama tumbo, nami nilikuwa mkalimani wake. Ukurasa wa saba wa kitabu changu ulikuwa na picha ya mbuzi, mbwa, mtoto na mnyoo. Mbwa anakula maini na mapafu ya mbuzi yenye malengelenge ya maji, mnyoo anakaa tumboni mwa mbwa, mayai yanatokea nyuma, mbwa anajilamba nyuma, kisha anamlamba mtoto. Miaka kadhaa baadaye mtoto ana uvimbe wa maji ndani ya ini. Niliufungua ukurasa huo mpaka ukachanika pembeni. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza kama nimeleta unga.

Apua hakuwa na adabu hiyo. Aliniita Karani wa Kinyesi.

"Mama mdogo, nisikilize basi," nilimwambia siku moja, akiwa anasuka ukuta wa nyumba ya Akuwam, mke wa kaka yangu. Nakwang, mbwa wake mweupe, alikuwa amelala miguuni pake. "Ulimi huohuo anaomlambia mtoto, anajilamba nao wapi?"

"Nyuma."

"Eeh! Sasa?"

"Na wewe mkono wako asubuhi unaupeleka wapi?"

"Mimi nanawa."

"Kwa maji gani, Ekidor? Lete hayo maji niyaone." Akaniangalia mikono, na wanawake waliokuwa wakimsaidia wakaanza kucheka kabla hata hajamaliza. "Mbwa akijilamba nyuma anameza, ameshasafisha. Wewe unapangusa na jani, halafu unakuja kunisalimia. Na mimi naupokea mkono, kwa sababu nakupenda, baba. Lakini usinifundishe usafi."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na kibaya zaidi nilijua kwamba hoja yake ina uzito kuliko kitabu changu. Nilimwambia kwamba ujinga utawaua. Akajibu kwamba kiu itawahi kwanza, akanituma nimletee kamba.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyekua, Nabenyo. Nabenyo alijifungua mtoto wa kiume, tukamwita Lomuria, na siku ya nane damu ikamtoka Nabenyo ikakataa kukata. Nilimpakia kwenye baiskeli. Sikufika naye popote, alinifia njiani. Baba wa mtoto hakuwahi kuleta mifugo ya mahari, hivyo mtoto alibaki kwetu, mikononi mwa Apua, ambaye wakati huo alikuwa na mvi na maziwa yalikuwa yamemkauka miaka mingi.

Alimlea kwa maziwa ya mbuzi. Maziwa yale hayakumkubali sawasawa, akawa anaharisha mara tano, mara sita kwa siku. Na kila mara Apua alipiga ulimi mara mbili, Nakwang akainuka, akafanya kazi yake polepole kwa uangalifu, kuanzia mapajani kwenda juu. Mtoto alikuwa akicheka. Cheko lake la kwanza maishani lilikuwa chini ya ulimi wa mbwa yule, na Apua alituita wote tuje tulione. Sitasema uongo, nami nilicheka. Mtoto hakuwa na upele hata mmoja, ngozi yake iling'aa kuliko ya watoto wa kituo cha afya wanaofungwa nepi.

Alipotimiza miezi sita tulichinja mbuzi. Mapafu ni haki ya mbwa mlezi, na Apua aliyabeba kwa mikono miwili. Nikaona lengelenge jeupe, kubwa kama ndimu, limejitokeza ubavuni mwa pafu. Ilikuwa ile picha ya ukurasa wa saba hasa.

"Usimpe hayo! Yachome moto!"

"Nimchomee moto haki yake? Amenilelea mjukuu miezi sita bila kulala, leo nimwambie Karani amekataa?"

Nikayanyakua, yakaanguka mchangani, na Nakwang akawa mwepesi kuliko mimi. Apua alicheka mpaka akakaa chini, ameshika tumbo. Ndipo nikaliona tumbo lenyewe. Lilikuwa limejaa upande wa kulia, chini ya shanga.

Wanawake walikuwa wameshaliona zamani. Walimtania kwamba ana mimba ya uzeeni, na yeye akachochea utani kwa kutaja wazee mbalimbali kuwa ndio baba, hasa wale wasioweza tena kuinuka bila fimbo. Nilimwuliza linamuuma tangu lini. Akasema haliumi, linajaza tu, kama mtu aliyekula akashiba. Aliongeza kwamba katika mwaka ule wa njaa ni vizuri kushiba.

Gari la daktari lilipokuja nilimpeleka kwa nguvu. Nasema kwa nguvu kwa sababu mama alimshika mkono huu, mimi ule, na njia nzima alitutukana. Daktari Mumbua, mwanamke wa Kikamba mwenye sauti ya chini, alimlaza mezani ndani ya hema na kumpaka ule utelezi tumboni. Apua akauonja kwa kidole.

"Hauna chumvi," akasema.

Kwenye kioo likaonekana duara jeusi, kubwa kuliko ngumi zangu mbili. Pembeni yake kulikuwa na madogo matatu. Daktari aliyapima akaandika, akarudia kupima.

"Mwambie ana uvimbe wa maji kwenye ini," aliniambia. "Mwambie ni ule ugonjwa wa mbwa."

Nikamwambia. Apua akakitazama kioo kwa muda.

"Kwa hiyo mbwa ndiye aliyenipa mimba," akasema. Nilimtafsiria daktari, akatabasamu, kisha akaacha.

Alisema mambo mawili, nami nikayatafsiri yote mawili kwa mdomo wangu. La kwanza, kwamba madaktari wa upasuaji wangekuja hospitali ya misheni baada ya miezi mitatu, na jina la Apua lingewekwa juu ya orodha. Mpaka siku hiyo ameze vidonge, asigongwe tumbo, asianguke, asibebe mzigo wowote mzito, maana kitu kile kikipasuka ndani huenda tusiwahi kufanya lolote. La pili, kwamba mtoto atengwe na mbwa kuanzia siku hiyo hiyo na aoshwe kwa maji.

Nilitafsiri vizuri. Nilijivunia hata, kwa vile nilitoa maneno sawasawa bila kusahau kitu. Haikunijia akilini kuuliza ni nani atakayebeba hayo maji.

Tulipotoka hemani Apua alikaa chini ya kivuli cha gari. Nilitegemea atanikejeli, kumbe alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mtoto wa Akuwam nilimpa mbwa," akasema. "Na wale pacha wa ng'ambo. Na wewe."

"Mama mdogo, acha."

"Na kaka zako. Nabenyo." Alimaliza mkono mmoja akaingia wa pili. "Yule binti aliyeolewa milimani, alikuja kuomba akiwa analia, mbwa walikuwa wameisha, nikamtafutia kwa siku nne. Siku nne nilitembea, Ekidor, ili nimpe." Akaishiwa vidole. Akaitazama mikono yake, akaiweka mapajani.

Mama alikaa karibu naye akamtolea tumbaku. Apua hakuichukua. Mimi niliyemhubiria miaka mitatu nilisimama pale nikitamani asiniamini tena.

Jioni ile alimfunga Nakwang kwenye mti wa miiba nje ya boma. Lomuria alijichafua, akaanza kulia, na mbwa akaivuta kamba mpaka ikamkaba. Apua aliinuka na fimbo akampiga. Hakuwa amewahi kumpiga mbwa mlezi, na Nakwang hakujua fimbo ni nini. Alilala chali, akanyoosha ulimi kuilamba. Apua akatupa fimbo, akaingia ndani na mtoto wake mchafu, na sisi tukajifanya hatujaona.

Ukaja wakati wa maji. Punda walikuwa wameondoka na ng'ombe kwenda malisho ya mbali, hivyo kila tone lilikuja kwa kichwa cha mwanamke. Visima vyenyewe ni mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu, marefu kiasi kwamba wanawake watatu husimama ndani, mmoja juu ya mabega ya mwingine, wakipokezana kibuyu. Nyumba moja ilikuwa ikitumia jerikeni moja kwa siku mbili. Mtoto anayeharisha mara sita anamaliza jerikeni nzima kwa siku, na baada ya siku chache bila mbwa mapaja ya Lomuria yalianza kuchubuka, nzi wakamjaa.

"Unaona?" mama akaniambia. "Hiyo ndiyo picha ya ukurasa wa ngapi?"

Nikachukua baiskeli nikaenda kuteka mwenyewe. Kwetu mwanamume hateki maji ya nyumbani. Nilifunga jerikeni mbili nyuma, nikangoja zamu kati ya wanawake, na kelele walizonipigia zilisikika mpaka ng'ambo.

"Ekidor ameolewa! Mume ni nani jamani, tumdai mahari?"

"Mpisheni mjamzito!"

"Njoo ushuke kisimani, bibi. Lakini vua suruali, huku chini tunaona juu."

Nilienda mara nne. Mara ya nne wazee waliokuwa wakicheza bao wakaacha kucheza nilipopita, na mmoja akauliza kwa sauti kama baba yangu aliacha mtoto wa kiume. Mara ya tano sikwenda. Nilijiambia kwamba kazi ni nyingi, kwamba ripoti zimechelewa, na yote yalikuwa kweli. Lakini sababu ni kwamba niliona haya. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili.

Kisha watu wa kituo cha afya wakaniita kwenda na gari lao kwa siku nne kwenye makazi ya kaskazini. Kabla sijaondoka nilimwomba Akuwam, mke wa kaka, amtekee Apua. Akuwam alikuwa na watoto wake watatu, na alikubali jinsi mtu anavyokubali jambo asiloliweza. Apua alikuwa akisikiliza.

"Nenda," akaniambia. "Maji yatakuja."

"Wewe usibebe. Daktari alisemaje?"

"Alisema nisibebe."

"Na mbwa?"

"Alisema mtoto aoshwe." Alikuwa akimpangusa Lomuria kwa mchanga wenye joto, taratibu, akipuliza. Mtoto alilia kwa sauti iliyokauka. "Alisema yote mawili, Ekidor, nimeyashika. Nenda, gari litakuacha."

Niliporudi siku ya nne niliona watu wamekaa nje ya nyumba yake, nikajua kabla sijashuka. Akuwam ndiye aliyenieleza. Siku mbili za kwanza alimpa Apua nusu ya maji yake. Siku ya tatu hakuwa na nusu ya kutoa. Asubuhi ya siku ya nne Apua alimwachia mama mtoto, akasema anakwenda kukata matawi ya mkoma. Kumbe alikwenda kisimani, akamkuta Akuwam na wengine wakiteka, akapanga foleni nao, akatania, akauliza kama yule mke mpya, Ekidor, amejifungua salama. Walimtwika jerikeni kichwani. Hakuna aliyekumbuka mambo ya daktari. Mwanamke akiomba kutwikwa, anatwikwa.

"Alipanda ukingo vizuri," Akuwam alisema. "Mchanga ukaporomoka pale juu. Alianguka kifudifudi, jerikeni ikawa chini yake."

"Chini wapi?"

"Chini ya tumbo, Ekidor. Unataka niseme wapi?"

Aliinuka akakaa. Alikuwa akicheka, alikuwa amevunja shanga. Kisha akasema mwili mzima unamwasha. Akuwam aliona madoa yakimpanda shingoni na usoni, mekundu, makubwa, na midomo ikivimba. Akasema hewa haiingii. Walimpepea. Walitaka kummwagia maji, akawazuia kwa mkono, akionyesha jerikeni iliyokuwa imelala pale, kifuniko kimeshikilia. Yale ni ya mtoto. Jua lilikuwa halijafika utosini alipokata roho.

Jerikeni walikuja nayo. Niliikuta mlangoni pake, imejaa.

Tulimzika upande wa zizi. Mama hakulia siku ile. Alikaa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, juu ya lile kovu, na mtu akimpa pole anaitikia kwa kichwa. Siku ya tatu akaniita.

"Nataka kukuuliza, wewe uliyesoma. Angeachiwa mbwa wake, leo angekuwa wapi?"

"Mama, ule uvimbe ulikuwa…"

"Sikukuuliza uvimbe. Angekuwa wapi?"

"Angekuwa hapa."

"Basi," akasema.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Wanawake waliokuja kuomboleza walisema jambo hilohilo bila kunitazama, na mmoja wao, mwenye mimba kubwa, kabla ya kuondoka alizunguka nyuma ya nyumba akamtazama Nakwang meno, akimpimia mtoto wake. Nilimwona. Mkoba wenye kitabu ulikuwa begani kwangu, na sikuufungua.

Gari liliporudi nilimbeba Lomuria mpaka hemani. Daktari Mumbua alikuwa ameshapata habari. Alinishika bega, kisha akaifuta kalamu yake bila sababu.

"Mtazame mtoto," nilimwambia. "Niambie kama amesalimika."

"Ekidor, hata akiwa ameambukizwa, mashine haitaona kitu sasa. Kitakuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Mlete baada ya miaka mitano."

"Miaka mitano."

"Au sita. Hukua polepole."

"Lakini yale maji yalimsaidia? Yale aliyoyafuata?"

Alinijibu kwa ukweli, na ninamheshimu kwa hilo ingawa siku ile nilimchukia. "Mbwa alikuwa amemlamba miezi mingapi kabla?"

"Sita na zaidi."

"Basi sijui," akasema. "Huenda yalikuwa yamechelewa. Huenda hakuambukizwa kabisa. Sijui."

Nilirudi kwa miguu nikiivuta baiskeli, mtoto amefungwa mgongoni kwangu kwa shuka, na safari hii nilipopita hakuna mzee aliyesema neno. Njiani alijichafua. Nilisikia joto likishuka kiunoni kwangu, akaanza kulia, ile sauti yake ya siku zote ya kuchubuka.

Mama alimpokea. Alimlaza kwenye ngozi, akamfunua mapaja, akayatazama. Akatikisa jerikeni ya mlangoni, halafu ya ndani. Zote zilikuwa tupu, na Akuwam alikuwa ametoka kwenda kisimani muda huohuo; asingerudi kabla ya jioni. Nje, Nakwang alikuwa ameinuka, masikio wima, kamba imenyooka.

"Daktari kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema hajui."

"Na wewe?"

Mtoto alikuwa akirusha miguu, nzi wameshaanza kutua. Nilimtazama mama, nikaitazama mikono yangu, ambayo sikuwa nimeinawa tangu jana.

"Nimfungue, Ekidor? Au nisimfungue? Nakuuliza wewe, sema neno moja."

Mama alisubiri kitambo, akanipa nafasi ya kutosha, kisha akatoka kwenda kumfungua mbwa.